Mistari Iliyolambwa

Watu kumi na mmoja tuliikodolea macho karatasi ile, na kumi wakaitikia kwa vichwa kwamba wameelewa. Wa kumi na moja nilikuwa mimi.

Tulikuwa ndani ya ukumbi wa kituo chetu cha michezo, huku Dodoma, upande wa Ipagala. Ni ukumbi wa bati, na upepo wa mwezi wa saba ukiupiga unalia kama debe tupu. Karatasi ilitandazwa juu ya meza ya tenisi, imekandamizwa pembeni kwa vikombe vya chai isipeperuke. Aliyeileta ni binti wa ramani. Ndivyo nilivyomwita na hakukataa. Alikuwa mtaalamu wa kupima viwanja, ametumwa na wakubwa wa mjini, amevaa buti zilizojaa vumbi na kofia pana kama ungo. Habari aliyotuletea ilikuwa njema. Kituo chetu kitapanuliwa. Tulikuwa na uwanja mmoja wa mpira wa miguu na ukumbi ule, basi. Sasa tuliambiwa tuseme tunataka kiongezwe nini na kikae wapi, tukubaliane, naye achore mchoro wa mwisho aupeleke.

"Mmeelewa wote?" akauliza binti.

"Tumeelewa," wakasema kumi.

"Mimi hapa sioni uwanja," nikasema. "Naona masanduku."

Kocha wa mpira wa miguu akacheka. Huyu ni kijana wa jirani yangu, ana watoto watatu sasa, lakini mimi ndiye niliyemwogesha wiki ya kwanza alipozaliwa, kwa hiyo hanitishi. Akasema, "Bibi, hiyo karatasi unaitazama kutoka juu kwenda chini. Zunguka upande huu."

"Hata nikizunguka ni masanduku. Wewe unaona nini? Hebu tuonyeshe ukumbi huu tuliomo uko wapi hapo."

Kocha akainua kidole, akakizungusha hewani kama mwewe anayetafuta kifaranga, akakishusha.

"Hapo ni choo," akasema binti wa ramani.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, Msandawe wa Chemba, mtu mpole asiyependa ugomvi, akajaribu naye, akaangukia golini. Basi ikawa wazi kwamba kumi walioelewa hawakuelewa, walikuwa wanamsaidia binti amalize mapema. Sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akikueleza jambo kwa heshima, unamjibu kwa heshima, kuelewa kutakuja baadaye.

Nikasema, "Binti, toka nje utuchoree chini. Mguu wangu nitauelewa."

Sikuingia kwenye kamati ile kwa elimu. Shule niliacha darasa la nne. Niliingia kwa sababu nilikuwa napiga kelele juu ya vyoo vya kituo, wakaona heri nipige kelele nikiwa ndani kuliko nikiwa nje. Nilipoingia wakaniuliza nitawakilisha nini. Nikasema netiboli.

Netiboli nilikuwa na sababu nayo. Mjukuu wangu ninayeishi naye ni mfungaji wa timu ya wasichana, na timu ile haikuwa na uwanja. Walifanyia mazoezi kwenye kipande cha ardhi kati ya ukumbi na uwanja wa mpira wa miguu, penye mawe na mashimo, na wavulana wakianza mechi wao walifukuzwa kama kuku waliovamia mtama. Mashindano ya kata hayakuja kwetu hata mara moja, maana timu isiyo na uwanja wenye kipimo halali haiwi mwenyeji. Kila mechi walisafiri wao, leo Miyuji, kesho mbali zaidi, na wazazi wakaanza kukataa. Mwaka uliotangulia wasichana wawili waliacha. Mjukuu wangu aliniambia, "Bibi, tukipungua mmoja mwingine hatuna timu." Hakusema kwa kulia. Alikuwa anamenya karanga. Lakini mimi niliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia mlango wa ghala ukifungwa.

Kwa maana mimi pia nilicheza. Shule yetu ya kijijini, upande wa mbuga za Bahi, haikuwa na mpira wala nguzo. Pete ilikuwa fito iliyokunjwa, imefungwa juu ya mti mkavu. Mpira ulikuwa matambara. Lakini mwalimu wetu alikuwa mkali wa kipimo. Kila Jumatatu alitupanga mstari tukapima uwanja kwa hatua huku tukihesabu kwa sauti. Hatua zake mwenyewe za mtu mzima zilikuwa arobaini kwa urefu na ishirini kwa upana, na alikuwa anasema, "Uwanja ukipungua hatua moja si uwanja, ni kiraka." Kisha nilipofika darasa la nne ndama wakawa wengi nyumbani kuliko wavulana wa kuwachunga, baba akaja kunichukua. Wakati ule sikumlaumu. Namlaumu sasa, nikiwa na nafasi.

Basi tukatoka nje. Binti wa ramani akavuta utepe wake wa kupimia, akapigilia vigingi, akafunga kamba. Watu wakatembea juu ya mchoro, na hapo ndipo kila mtu alipoelewa kweli, na kwa kuwa walielewa, wakaanza kugombana. Huo ndio uzuri wa kuelewa.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Kocha alitaka jukwaa la watazamaji wa mpira wa miguu. Na alitaka likae pale pale kati ya ukumbi na uwanja wake, pale nilipotaka netiboli mimi.

"Weka jukwaa ng'ambo," nikamwambia. "Kule upande wa mashariki pako wazi."

"Bibi, mechi ni jioni. Mtu akikaa mashariki jua lote linamwingia machoni. Atatazama mpira au atapiga chafya?"

"Na wasichana wangu?"

"Wapewe nusu. Wasichana hawakimbii sana, bibi. Uwanja mdogo unawatosha."

Nilimtazama. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yake na mpira kwapani, akasema taratibu, "Kaka kocha, njoo kesho tukimbie wote." Watu wakapiga makofi. Kocha ana tumbo siku hizi.

Tukapiga kura. Netiboli ikashinda, uwanja mzima, hatua arobaini kwa ishirini. Nilizipima mwenyewe mbele ya watu, kwa miguu yangu, viatu mkononi. Binti akasema atarudi Ijumaa. Siku hiyo atasoma vipimo vya mwisho kwa mitambo yake, na atakavyokuta mistari imekaa ndivyo mchoro utakavyokwenda. "Msibadilishe kitu," akasema. Vigingi na kamba ilibidi vitolewe jioni ile ile maana watoto wangejikwaa. Kwa hiyo tulitakiwa tuchore mistari chini ikae siku tatu.

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nalieleza mwenyewe kabla hawajalieleza wengine.

Chokaa ya kituo kocha alikuwa ameimaliza kwenye mechi ya Jumapili. Wakaleta majivu. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba si wa kuchezea. Tulimwaga majivu upande huu, tukiinua macho tunayaona yanaelekea Singida. Nikasema, "Acheni. Ninacho kitu." Nikaenda nyumbani nikaleta gunia.

Kwetu mbugani, kiangazi, maji yakishakauka ardhi inatoa ukoko mweupe wa chumvi. Watu wanaukwangua. Kaka yangu huniletea gunia kila mwaka, nalitumia kidogo kidogo kama magadi kwenye mlenda. Ni udongo mweupe, unang'aa. Nikaukoroga na maji kwenye ndoo mpaka ukawa uji mzito, wasichana wakaumimina kwa makopo kufuata kamba. Ukanywea ardhini, ukakauka, upepo ukapita juu yake bila kuuondoa hata chembe. Mistari ilikuwa myeupe na imenyooka mpaka mwenyekiti akavua kofia. Wote wakanisifu. Kocha mwenyewe akasema, "Bibi, hapa umetuweza." Nikalala nimeridhika kabisa.

Asubuhi nikafika kituoni kabla ya wengine, na uwanja wangu haukuwepo.

Ardhi ilikuwa imekanyagwa kila mahali. Kwato, kinyesi, udongo umevurugika. Na katikati ya duara la kuanzia, pale anaposimama mchezaji wa kati, alikuwa amesimama dume jekundu, anamalizia.

Mimi ni binti wa mfugaji. Nilitolewa shule kwa ajili ya ndama. Najua tangu sijaota meno ya pili kwamba ng'ombe anaweza kuacha maji akafuata chumvi. Na bado niliichukua chumvi, nikaikoroga, nikaimwaga chini kwa mistari iliyonyooka, mahali ng'ombe wanapopita kila siku kwenda birikani kunywa maji.

Mwenye ng'ombe alikuwa anakuja nyuma yao polepole, fimbo mabegani. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mzee anayekataa kuuza ng'ombe wake hata baada ya mji kufika mlangoni pa zizi lake.

"Mbukwa, shemeji," akanisalimu. "Nakushukuru sana."

"Unanishukuru nini?"

"Miaka yote nimekuoa kwa maneno tu hukuwahi kunipikia. Leo umepikia ng'ombe wangu. Na umewapangia meza kabisa, mstari kwa mstari."

"Ondoa hayo madudu yako hapa!"

"Madudu? Hawa ni wageni wako. Yule dume kakwambia asante hukumsikia?"

Nilimrushia kopo. Akaliinua, akanusa, akaita ng'ombe mmoja akampa alambe lililobaki. Hivyo ndivyo nilivyopata aibu yangu, na mpaka saa nne mtaa mzima ulikuwa umeipata pia.

Siku ile ile ilinibidi nisafiri. Binamu yangu wa Mtera alikuwa amelazwa, na nilikuwa nimeahidi kwenda kumwona. Nikamwita kocha, nikamwambia, "Chora upya. Tafuta chokaa, fuata ile ile tuliyopiga kura." Akasema, "Bibi, nenda salama, ondoa wasiwasi." Mtu akikwambia uondoe wasiwasi, ungekuwa na akili ungeongeza. Lakini nilikuwa na aibu ya wale ng'ombe, sikutaka kuonekana nasimamia tena. Nikaenda.

Binamu alikuwa ameshapata nafuu, alikuwa amekaa kitandani analalamika kwamba uji hauna sukari. Nikarudi Ijumaa asubuhi na samaki wakavu kwenye kapu, nikapitiliza moja kwa moja kituoni. Mistari ilikuwepo. Safari hii walitumia majivu na chokaa kidogo, wameimwagia maji isipeperuke. Imenyooka vizuri. Watu walikuwa wameanza kukusanyika kumsubiri binti. Nikaweka kapu chini, nikavua viatu, nikapima.

Urefu, arobaini. Upana, kumi na sita.

Nikarudia. Kumi na sita. Kati ya mstari wa nje wa netiboli na uwanja wa mpira wa miguu palikuwa pamebaki ukanda mtupu wa hatua nne, mtupu kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni. Nami mgeni huyo nilimjua. Jukwaa.

"Kocha," nikaita.

"Shikamoo bibi! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Anataka sukari. Hatua nne ziko wapi?"

"Hatua zipi bibi?"

"Zangu."

Akajikuna shingo. "Ng'ombe walifuta, bibi. Nimechora nilivyokumbuka. Na wewe nawe, kwa heshima, miguu yako si ile ya siku ile. Umechoka na safari ya Mtera. Umri unapunguza hatua."

Nikamwambia, "Sikiliza, mjukuu wangu. Umri ungepunguza hatua, mimi ningehesabu ishirini na tano hapa. Nimehesabu kumi na sita. Labda unasema nimeota miguu ya twiga huko Mtera."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kidogo, lakini hakusogea. Nitasema ukweli juu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wavulana hamsini waliokuwa wanachezea vumbi, na watazamaji waliokaa juu ya matofali, na alikuwa anawatafutia kiti. Lakini alikuwa anawatafutia kwenye nyumba yangu.

Binti wa ramani akafika saa nne kasoro, akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu. Nikamwambia mistari imesogezwa. Akatazama daftari lake, akatazama ardhi, akatutazama sisi.

"Mimi siku ile niliweka vigingi vya majaribio, mlivisogeza mara tano, sikuandika," akasema. "Nilisema nitapima mtakachokubaliana. Sasa mmekubaliana kipi?"

"Ishirini," nikasema.

"Kumi na sita," akasema kocha.

"Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaguna. Akaanza kusema kwamba pande zote mbili zina hoja, kwamba jambo hili lifanyiwe kazi. Mwanamke mmoja akasema alidhani ni ishirini. Kijana mmoja akasema alidhani ni kumi na sita, ila huyo ni golikipa wa kocha. Waliopiga kura siku ile nusu yao sasa walikuwa shambani.

"Bibi yangu," akasema binti, na alisema vizuri, "mimi nakuamini. Lakini wakubwa hawatapokea mchoro wenye ubishi. Nikiupeleka hivi faili litakaa. Una ushahidi wowote wa mstari ulipokuwa?"

Ushahidi wangu ulikuwa tumboni mwa ng'ombe. Sikusema hivyo. Mjukuu wangu alikuwa amesimama na wenzake sita ukutani, wamevaa sare zao za mazoezi kwa ajili ya siku ile, na nikamwona anautazama ule ukanda wa hatua nne kisha anatazama chini. Nikafikiri, mimi ndiye niliyeufuta uwanja wa huyu mtoto. Si kocha. Kocha alisogeza tu, aliyefuta ni mimi na gunia langu.

Ndipo tukasikia kengele.

Ng'ombe wa shemeji wanafungwa kengele mmoja tu, jike kubwa la mbele lenye pembe moja imevunjika. Walikuwa wanatoka zizini kwenda birikani, siku hiyo wamechelewa. Watu wakaanza kupiga kelele, "Fukuzeni! Wataharibu tena!" Golikipa akakimbia mbele na tawi. Shemeji kwa nyuma anaita, lakini alikuwa anaita kama mtu asiyetaka kuitikiwa.

Yule jike akampita golikipa upande. Akapita juu ya mstari wa majivu bila hata kuinamisha kichwa, kana kwamba haupo. Akaenda hatua moja, mbili, tatu, nne. Akasimama. Akashusha pua. Akaanza kulamba ardhi tupu.

Wa pili akaja akasimama pembeni yake. Wa tatu. Dume jekundu likapiga kumbo likapata nafasi. Wakajipanga, kichwa kwa kichwa, ng'ombe kumi na wanne, kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka usawa wa pembe moja ya ukumbi mpaka usawa wa pembe nyingine, mikia yote upande wetu, kama wachezaji waliopangwa kukaguliwa na mgeni rasmi. Na wote walikuwa ndani ya jukwaa la kocha.

Ulisikia ndimi tu zikikwangua.

Binti wa ramani akashika kofia yake. "Wanafanya nini hawa?"

"Wanapima," akasema shemeji, aliyekuwa ameshafika. "Hawa mafundi wangu hawana utepe, wanatumia ulimi. Chumvi ya shemeji ilizama chini, haiishi leo wala kesho. Kwingine mmeifunika kwa majivu na chokaa, hapa imebaki wazi."

Nikaenda pale mbio, kwa umri wangu, nikasukuma yule jike shingo. Chini ya vumbi la kwato palikuwa na mfereji. Mwembamba, upana wa kiganja, kina cha kidole, umechimbwa kwa ulimi siku mbili mfululizo, umenyooka kama kamba ya binti. Nikapiga goti nikaweka vidole ndani. Kisha nikasimama, nikageukia ukumbi, nikatembea, na watu wote wakahesabu na mimi kwa sauti, hata mwenyekiti. Nilipofika kumi na sita, mguu ukakanyaga mstari wa kwanza wa majivu, kumi na saba, kumi na nane...

Hapana. Nimechanganya, acha niliseme sawasawa. Nilikuwa natoka mferejini kwenda ukumbini, kwa hiyo majivu niliyakanyaga kwenye hatua ya nne, na pale nilipogusa mstari wa ukutani ilikuwa ishirini. Ishirini kamili. Wasichana walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wawili wakakimbia.

Wote tukamgeukia kocha. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, anatazama makalio kumi na manne ya ng'ombe. Midomo ilianza kumcheza. Kisha akakaa chini kabisa, vumbini, akacheka mpaka machozi.

"Nimekubali," akasema. "Mashahidi wa binadamu ningewabishia. Hawa wenye pembe siwawezi."

"Na hatua ulizozisogeza?" nikamuuliza.

"Nilizisogeza, bibi. Nisamehe."

"Simama, unachafua suruali."

Mwenyekiti alipata ujasiri aliokuwa ameukosa tangu asubuhi. Akamwambia binti, "Andika ishirini," kisha akaongeza neno kwa Kisandawe, la kugonga ulimi, ambalo hakutufasiria. Binti akaweka chombo chake sawa na mfereji. Ilimbidi aombe ng'ombe wasogezwe mmoja mmoja, na shemeji alikuwa anawaondoa kwa kuwapa pole.

Lakini kocha nilikuwa nimemwona usoni baada ya kicheko kwisha. Alikuwa anatazama upande wa mashariki, kule kwenye jua. Mimi si mtu wa kuomba radhi kwa kushinda. Ila mtu aliyesema kweli mbele ya watu usimwache mikono mitupu. Nikaangalia ukumbi. Ukumbi una baraza ndefu mbele, ya saruji, imeinuka mpaka magotini, inatazama mashariki, na jioni jua linakuwa nyuma yake.

"Binti," nikasema, "hiyo baraza ikiongezwa ngazi za kukalia, mbili tatu kwenda juu, mtu akikaa hapo anaona nini?"

Akapanda, akakaa, akatazama. "Anaona netiboli hapa mbele. Na mpira wa miguu kule nyuma yake."

"Na jua?"

"Mgongoni."

Kocha akainua kichwa. "Bibi, yaani watu wangu watazame wavulana kwa kupitia juu ya vichwa vya wasichana?"

"Ndiyo. Wavulana wako wakicheza ovyo, watu wawe na kitu cha kutazama."

Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mchoro. Wiki iliyofuata binti aliuleta ukiwa na mihuri, akautandaza juu ya meza ile ile ya tenisi, vikombe pembeni. Watu kumi wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakanitazama mimi. Nikazunguka meza mpaka nikawa upande unaofaa. Nikaona sanduku refu, nikajua ni ukumbi. Mbele yake ngazi. Mbele ya ngazi sanduku lenye duara katikati, nikaweka kidole, nikasema, "Hapa alisimama dume."

"Hapo hapo," akasema binti.

Shemeji bado anadai mafundi wake hawajanywa chai. Nilimpa kilichobaki kwenye gunia, na sasa mlenda wangu napika na magadi ya dukani, si mtamu. Tumenunua chokaa. Fundi wa kusawazisha ardhi alisema ataanza kabla mvua hazijafika, na mawe yameshaanza kuondolewa. Msichana mmoja kati ya wale wawili walioacha timu amerudi. Mama yake alisema, "Kama mechi ni hapa hapa, basi, mwache acheze, nitamwona nikiwa napepeta."

Jioni ya Ijumaa ile ile, ng'ombe walipoondoka, wasichana hawakusubiri mtu. Walisimamisha nguzo zao za mti pande mbili, wakaanza kucheza ndani ya mpaka wa mfereji wa ng'ombe, uwanja mzima. Kocha alikaa barazani na wavulana wake kujaribu kama jua liko mgongoni kweli. Nikawa napita na kapu langu la samaki kwenda nyumbani, mjukuu wangu akasimamisha mchezo, akanirushia mpira.

"Bibi, fungua uwanja."

Nikasema sina muda, samaki wataoza. Ni samaki wakavu, kila mtu alicheka. Nikaweka kapu chini. Nikasimama pale anaposimama mfungaji, miguu pamoja, kama mwalimu alivyotufundisha, nikainua mpira juu ya paji la uso. Ulikuwa mzito kuliko matambara. Nikarusha.

Ukagonga pete, ukatoka nje.

"Umekosa!" kocha akapiga kelele kutoka barazani.

"Nimeona," nikamjibu. "Nipeni tena."